Simu na huduma za kidijitali kwa watu wa kipato cha chini India: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa sana na watengeneza programu, wafanyakazi wa mashirika ya kijamii na wanafunzi wanaotaka kujua India imefanya nini na wapi imekwama. Kila jibu linajitegemea. Pale jambo lilipokwisha kuelezwa, utaelekezwa kwenye namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Mtu mwenye kitochi, asiye na intaneti, anaweza kupata huduma gani hasa?

Nyingi. Kwa kitochi (Kenya huitwa kabambe au mulika mwizi) mtu anaweza kutuma pesa kutoka akaunti yake ya benki, kupigiwa kila wiki na kusikiliza ushauri wa ujauzito, kurekodi swali la kilimo na baadaye kusikia jibu, au kuripoti kwamba pampu ya maji ya kijiji imekufa. Njia ni tatu: menyu za nyota na reli, simu yenye sauti iliyorekodiwa, na SMS. Kati ya hizo, sauti ndiyo inayomfikia mtu maskini kwa urahisi zaidi (swali la 2).

Iko pia njia isiyohitaji simu kabisa: kuthibitishwa kwa alama ya kidole mbele ya wakala wa benki au kwenye duka la chakula cha mgawo (maswali ya 7 na 8).

2. Kwa nini sauti? SMS si rahisi zaidi?

Kwa mtumaji ni rahisi. Kwa mpokeaji sivyo. Sensa ya 2011 ilikuta asilimia 74 ya watu wa miaka 7 na kuendelea wanajua kusoma na kuandika, na kwa wanawake ni asilimia 65 tu. Hata anayesoma, huenda anasoma Kihindi wakati nyumbani kwake panazungumzwa Kigondi, lugha ya mamilioni ya watu wa India ya kati ambayo haimo hata katika orodha ya lugha 22 za Katiba.

Kuna pia hesabu ambayo wengi huisahau wakati wa kupanga bajeti. SMS ya herufi za Kilatini hubeba herufi 160. Ukiandika kwa Devanagari (herufi za Kihindi), Kitamil au Kibengali, inashuka hadi 70, na ujumbe ukikatwa vipande, kila kipande hubeba 67. Kwa hiyo ujumbe wa Kihindi wenye herufi 200 ni SMS tatu, na utalipia tatu.

SMS inafaa kwa kitu kimoja: kumbukumbu fupi yenye namba, kama kiasi kilichoingia, tarehe ya chanjo au uzito wa mazao. Huko Warana, Maharashtra, chama cha ushirika cha wakulima wa miwa kilikuwa na kompyuta vijijini tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Mkulima alizitumia zaidi kuangalia uzito wa miwa yake na mambo ya mbolea. Watafiti wa Microsoft waliokuwa Bangalore walipojaribu kuweka simu ya SMS mahali pa kompyuta, kazi hizo hizo zilifanyika kwa gharama ndogo zaidi.

3. Kubipu kunawezaje kuwa huduma?

Kama Afrika Mashariki, India watu wamekuwa wakibipu ili kuokoa salio. Huduma zikaigeuza tabia hiyo kuwa mlango: mtu anabipu namba, mfumo unakata bila kupokea, unasoma namba yake, kisha unampigia. Gharama inabebwa na shirika. CGNet Swara, huduma ya habari kwa simu iliyoanza jimbo la Chhattisgarh mwaka 2010, ilijengwa juu ya simu za namna hii. Mwanakijiji anarekodi habari au malalamiko, mhariri anaikagua, na ikipita, wengine wanaisikiliza.

Mambo yanayoharibika mara nyingi ni haya:

- Mtu anabipu mara nne kwa wasiwasi, naye anapigiwa mara nne. Panga mfumo uhesabu bipu zote za namba moja ndani ya dakika 5 kuwa moja.
- Simu ya kurudisha inatoka namba tofauti, mtu anaogopa matapeli, hapokei. Tumia namba ile ile, au itangaze mapema.
- Laini zimejaa na simu inarudishwa baada ya saa mbili, mwenye simu yuko shambani. Ukubwa wa laini umeelezwa swali la 13.

4. Data ya India ni bei rahisi. Kwa nini tusihamie simu janja moja kwa moja?

Ni kweli data ilishuka bei sana baada ya kampuni ya simu ya Jio kuingia sokoni Septemba 2016. Lakini simu janja iliyopo nyumbani siyo simu ya kila mtu nyumbani. Utafiti wa kitaifa wa afya ya familia wa 2019–21 ulikuta asilimia 54 tu ya wanawake wa miaka 15–49 wana simu ambayo wao wenyewe wanaitumia. Wengine hutegemea ya mume, ya mkwe au ya kijana anayesoma, na simu hiyo hutoka nyumbani asubuhi na kurudi jioni.

Usiulize "nyumba hii ina simu?" Uliza: iko mikononi mwa nani saa 4 asubuhi, nani anaijua namba ya siri, na bando la mwisho liliwekwa lini. Majibu hayo matatu yatakuonyesha kama utengeneze programu au menyu ya sauti.

## Pesa

5. UPI ni M-Pesa ya India?

Hapana. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 ndani ya kampuni ya simu, na salio linakaa kwenye laini. UPI ilianza 2016 chini ya taasisi ya malipo iitwayo NPCI, nayo huhamisha pesa papo hapo kutoka akaunti ya benki moja kwenda nyingine. Kumtumia ndugu pesa hakuna ada. Lakini lazima uwe na akaunti ya benki kwanza, na ndiyo maana mpango wa Jan Dhan wa Agosti 2014, uliofungua akaunti zisizodai salio la chini, ulitangulia kila kitu.

Angalizo: akaunti iliyofunguliwa bila vitambulisho kamili huwa na ukomo. Salio lisizidi rupia 50,000, zinazoingia kwa mwaka zisizidi 100,000, na zinazotoka kwa mwezi zisizidi 10,000. Ukomo ukifikiwa muamala unakataliwa, na mara nyingi mwenye akaunti haelezwi sababu. Dawa ni kwenda benki kukamilisha vitambulisho.

6. Natumaje pesa kwa kitochi?

Njia ya zamani zaidi ni *99#, inayofanya kazi bila data. Laini lazima iwe ile iliyosajiliwa benki.

1. Piga *99# na uchague lugha.
2. Andika jina fupi la benki au herufi nne za mwanzo za msimbo wa tawi. Orodha ya akaunti zako itatokea, chagua moja.
3. Kama ni mara ya kwanza, tengeneza namba ya siri kwa kutumia tarakimu 6 za mwisho za kadi ya benki na tarehe yake ya kuisha.
4. Chagua kutuma pesa, kisha utaje unayemtumia kwa namba ya simu au kwa akaunti na msimbo wa tawi.
5. Weka kiasi (ukomo ni rupia 5,000 kwa muamala), kisha namba ya siri.

Kosa la kawaida hutokea hatua ya 3: kadi iliishia droo ya wakala, au haikuwahi kuwashwa. Kosa la pili ni menyu kukatika katikati. Ikikatika baada ya namba ya siri, usirudie. Angalia salio kwanza. Pesa zikiwa zimekatwa na hazijafika, kwa kawaida benki huzirudisha. Ukirudia kutuma, huenda ukalipa mara mbili.

Machi 2022 ilikuja UPI 123PAY, ambayo inaongeza kulipa kwa kupiga namba ya sauti, kwa kubipu namba ya muuzaji, na njia nyingine. Kwa mtu asiyesoma vizuri, ya sauti ndiyo tungeanza nayo.

7. Wakala wa benki vijijini anafanyaje kazi, na mteja ajilinde vipi?

Anaitwa Bank Mitra, na benki kuu ya India iliruhusu mfumo huu mwaka 2006. Ana kifaa kidogo cha alama za vidole kilichounganishwa na simu au mashine ya malipo. Mteja anataja benki yake na namba yake ya Aadhaar (kitambulisho cha taifa chenye alama za vidole) yenye tarakimu 12, anataja kiasi, anaweka kidole, anapewa pesa. Ukomo ni rupia 10,000 kwa muamala.

Hapa hakuna namba ya siri. Kidole ndicho saini, na hapo ndipo wizi unapoingilia. Wakala asiye mwaminifu humwambia mama kwamba kidole kimekataa, anamwomba aweke tena, na kumbe mara ya kwanza pesa zilitoka. Wafundishe wateja mambo manne: taja kiasi kwa sauti kabla ya kuweka kidole, dai risiti hata ya muamala uliokataliwa, ukiambiwa kimekataa, uliza salio kabla ya kurudia, na usimlipe wakala chochote juu, kwa kuwa kamisheni yake hutoka benki.

8. Alama za vidole zimekataa. Nifanye nini?

Vidole vya anayefyatua matofali, kuvuna pamba au kuosha vyombo mchana kutwa husagika. Vya wazee hukauka. Tatizo kwa kawaida si la mtu, ni la kifaa na ngozi, na hurekebishika kwa mpangilio huu:

Futa kioo cha kifaa kwa kitambaa kikavu. Nawa mikono, kausha, kisha paka mafuta kidogo sana ikiwa ngozi imepasuka. Jaribu vidole vyote kumi, si gumba pekee. Cha pete na cha kati cha mkono usiofanya kazi nzito mara nyingi hukubali. Ikishindikana, tumia kifaa cha mboni ya jicho kama kipo, au namba ya uthibitisho kwa SMS kama simu imesajiliwa. Baadaye nenda kituo cha Aadhaar ukachukuliwe alama upya.

Kwenye duka la mgawo jambo hili ni la chakula. Sheria ya chakula ya 2013 inampa kila aliyemo kwenye orodha kilo 5 za nafaka kwa mwezi, na kaya fukara zaidi kilo 35. Oktoba 2017 mamlaka ya Aadhaar ilitoa waraka unaoelekeza kwamba mtu asinyimwe mgawo kwa sababu kidole au mtandao umekataa. Duka litumie njia mbadala na kuandika kwenye daftari. Kwa mradi wako, daftari hilo si karatasi ya ziada. Lichapishe, liwe na mstari wa sahihi ya shahidi, na lihesabiwe kila mwezi. Duka lenye majina mengi ya waliokataliwa lina kifaa kibovu au muuzaji mwizi, na yote mawili yanahitaji mtu aende kuona.

9. Serikali inasema imetuma pesa, mimi sijaziona. Ziko wapi?

Mara nyingi ziko kwenye akaunti nyingine ya mtu huyo huyo. Malipo yanayopita kwa namba ya Aadhaar huenda kwenye benki iliyounganishwa *mwisho* na namba hiyo. Mtu akifungua akaunti ya pili, hata ile ya benki ya kampuni ya simu, akakubali fomu asiyoisoma, malipo yote huhamia huko kimya kimya. Angalia hali ya muunganisho kwenye tovuti ya UIDAI (mamlaka ya Aadhaar) au kupitia wakala, kisha nenda benki unayoitaka ukaombe iunganishwe upya.

Sababu nyingine: jina halilingani herufi kwa herufi, au akaunti imelala miaka miwili bila mwenyewe kufanya muamala.

10. Utapeli wa kawaida ni upi?

Ombi la malipo linalojifanya zawadi, ingawa maombi ya mtu kwa mtu kwenye UPI yalisitishwa Oktoba 2025. Tapeli anasema "nakutumia pesa, weka namba yako ya siri uzipokee." Kwenye UPI namba ya siri ni ya kutoa pesa au kuangalia salio. *Hakuna pesa inayopokelewa kwa namba ya siri.* Sentensi hiyo irudiwe kwenye kila mafunzo mpaka ikae.

Pili ni alama za vidole zilizonakiliwa kutoka nyaraka za ardhi na kutengenezewa kidole cha bandia. Kinga ni kufunga alama kwenye tovuti ya UIDAI na kuzifungua unapozihitaji. Aliyeibiwa apige 1930, namba ya kitaifa ya uhalifu wa mtandaoni, mara tu anapogundua, maana kila saa inayopita pesa zinasambaa akaunti nyingine.

## Afya na kilimo

11. Kilkari inafanyaje kazi, na imeleta mabadiliko?

Ni huduma ya wizara ya afya iliyozinduliwa Januari 2016. Mama anapigiwa bure mara moja kwa wiki, kuanzia mwezi wa nne wa ujauzito hadi mtoto afikishe mwaka: jumbe 72 kwa jumla, kila moja ya dakika chache. Namba hutoka kwenye rejista ya wajawazito, na asipopokea hupigiwa tena.

Jaribio kubwa la Madhya Pradesh lilikuta matumizi ya uzazi wa mpango yameongezeka kiasi, lakini kunyonyesha maziwa ya mama pekee hakukubadilika. Sauti ya wiki inaweza kufungua mazungumzo ya mke na mume, hasa simu ikiwa ya mume, lakini haimshiki mkono mama mchanga usiku wa tatu maziwa yakigoma. Hapo anahitajika mhudumu wa afya wa kijiji, ambaye India anaitwa ASHA.

Wengi huacha kusikiliza baada ya wiki chache. ARMMAN, shirika la Mumbai lenye huduma yake ya simu za namna hii, likishirikiana na watafiti wa Google, lilitumia akili mnemba kuchagua mama gani apigiwe na binadamu wiki hii, kwa kuwa wapigaji ni wachache. Katika jaribio la wanawake zaidi ya 23,000, kuacha kulipungua kwa karibu asilimia 30. Kompyuta ilipanga foleni. Aliyezungumza na mama ni mtu.

12. Simu inaweza kufuatilia dawa za kifua kikuu?

Kwa sehemu. Katika mfumo uitwao 99DOTS, pakiti ya vidonge hufungwa kwa karatasi maalumu. Ukisukuma kidonge, inatokea namba ya simu ya bure usiyoweza kuibahatisha. Mgonjwa anaipiga, mfumo unaandika kwamba leo dawa imetolewa, na mhudumu anaona orodha ya waliokaa kimya. Uganda nayo imeifanyia majaribio.

Lakini simu iliyopigwa si kidonge kilichomezwa, na ukimya si uasi. Utafiti uliopima mkojo wa wagonjwa Chennai, Vellore na Mumbai ulionyesha mfumo huo ulikosea pande zote mbili mara nyingi. Tumia orodha kuamua nani atembelewe kwanza. Usiitumie kumkaripia mgonjwa.

13. Wakulima wanapenda nini, na nitahitaji laini ngapi?

Jimbo la Gujarat, huduma ya simu iitwayo Avaaj Otalo iliwapa wakulima nafasi ya kurekodi swali na kusikia maswali ya wengine. Majaribio yalionyesha kubonyeza vitufe kunawafaa kuliko kuiambia mashine maneno. Utafiti wa baadaye wa wakulima wa pamba ulikuta waliopata huduma hiyo wakihamia dawa zenye sumu ndogo na kupanda binzari nyembamba zaidi.

Shirika la Digital Green, tangu 2008, inatumia video: mkulima wa jirani anarekodiwa kwa dakika 8 hadi 10, video inaonyeshwa kikundini kwa projekta ndogo ya betri, na mwezeshaji anaisimamisha na kuuliza. Mwezeshaji ndiye nusu ya kazi. Video ikichezwa tu bila kusimamishwa, watu huiangalia kama sinema.

Kuhusu laini: muunganisho mmoja wa kawaida wa E1 (laini ya kidijitali inayokodiwa kutoka kampuni ya simu) hubeba simu 30 kwa wakati mmoja. Simu ya dakika 4, pamoja na sekunde 20 za kuunganisha, inakupa takriban simu 400 kwa saa. Ukitangazwa redioni na watu 2,000 wakabipu pamoja, wa mwisho atapigiwa baada ya karibu saa 5. Tangaza kijiji kwa kijiji. Bajeti nayo ni dakika: watu 5,000 mara dakika 4 mara wiki 4 ni dakika 80,000 kwa mwezi.

## Kujenga huduma yako

14. Nirekodije sauti za menyu?

Simu hupitisha kati ya hezi 300 na 3,400 tu. Rekodi kwa ubora wa juu chumbani penye mapazia, kisha shusha hadi kilohezi 8, mono. Usiweke muziki chini ya maneno; kwenye kitochi unageuka kelele.

Taja tendo kwanza, namba baadaye: "Kusikiliza majibu, bonyeza moja." Ukianza na namba, msikilizaji huwa ameisahau anapofika mwisho. Chaguo zisizidi tatu au nne, na msomaji awe wa lahaja ya pale pale.

15. SMS zangu zinapotelea wapi?

Zinazuiwa. Kanuni za 2018 za mdhibiti wa mawasiliano wa India zinataka mtumaji asajili shirika, jina la mtumaji na kila kiolezo cha ujumbe. Ukibadilisha hata nukta nje ya nafasi zilizoachwa wazi, ujumbe hauondoki. Sajili violezo vya lugha zote mapema, kabla ya tarehe ya kuzindua.

16. Akili mnemba haitamaliza tatizo la lugha?

Mpango wa serikali wa Bhashini, ulioanza 2022, umesukuma mbele tafsiri na utambuzi wa sauti wa lugha 22. Lugha zilizo nje ya orodha, kama Kigondi, ndizo za watu wanaohitaji zaidi. Tena mashine iliyofundishwa kwa sauti safi za mjini hujikwaa kwenye sauti ya kilohezi 8 yenye mbuzi na trekta nyuma. Jaribu kwa rekodi 200 kutoka simu za watumiaji wako halisi, na uhesabu makosa ya majina ya dawa na ya kiasi cha pesa peke yake, kwa sababu hayo ndiyo yanayoumiza.

## Hali za pembeni

17. Mtu hana simu kabisa. Nisajili namba ya jirani?

Usifanye hivyo kwa pesa. Anayeshika namba iliyosajiliwa ndiye anayepokea uthibitisho, na ndiye atakayeweza kutengeneza namba ya siri. Wakala wengi husajili namba zao "kusaidia", na hapo akaunti imeshahama mikono. Acha nafasi ya simu wazi, tumia kidole (swali la 7), na kwa ujumbe wa afya mpitie mhudumu wa kijiji.

18. Laini ikihamia kwa mtu mwingine je? Na mimba ikiharibika?

Laini isiyotumika siku 90 inaweza kufungwa, na baadaye kuuzwa tena. Kwa hiyo usitaje ugonjwa wala ujauzito kwenye sekunde za mwanzo. Taja jina la huduma, kisha mwombe anayesikiliza abonyeze ili kuendelea. Wiki tatu bila kupokelewa, simamisha na umuulize mhudumu.

La pili lina uzito zaidi. Mama aliyepoteza mtoto akipigiwa wiki inayofuata kuambiwa mtoto wake sasa anaanza kutabasamu, umemjeruhi. Weka kitufe kimoja cha kusimamisha kinachotajwa mwishoni mwa kila simu, kisichouliza sababu. Mpe mhudumu namba ya kubipu itakayosimamisha simu za mama huyo siku hiyo hiyo, bila kusubiri rejista kusahihishwa. Na simu hizo zikisimama, mhudumu apate taarifa aende kumuona.